Nilimwigiza mama mkwe watu wakacheka, sasa nyumba haikaliki

Mamdogo shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, niko hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni Kirumba huu ni mwaka wa tisa, nina watoto wawili na mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi. Naomba usiniweke jina maana watu wa kule wanasoma sana huku.

Kwanza nikueleze kidogo nilivyo, bila hivyo hutanielewa. Mimi toka utotoni ni mtu wa kuchekesha, sijajifunza kwa mtu, inakuja tu yenyewe. Sokoni wananijua hivyo, kuna wateja wanapita meza tano za watu wenye dagaa kama wangu wanakuja kwangu wacheke kwanza alafu ndo wanunue. Mwaka juzi siku moja tulikuwa tumeanika mzigo, mvua ikaja ghafla hata ngurumo haikusikika, tukakimbia na maturubai lakini wapi, dagaa wote wakalowa, na mamdogo dagaa akilowa akiwa nusu kavu ndo basi tena, anabadilika rangi anakuwa wa kuku, bei inakufa. Tulikaa pale wanawake kama kumi na mbili hakuna anayeongea, kuna mama mmoja mtaji wake ulikuwa mkopo wa kikoba alikuwa analia kimya kimya. Sijui nini kilinituma, nikaokota gunzi nikalishika kama maikrofoni, nikamchuchumalia dagaa mmoja pale chini nikamuuliza, ndugu dagaa umetoka Goziba umesafiri usiku kucha, umefika Mwanza ukaanikwa na sasa umenyeshewa, unajisikiaje? Nikajibu mwenyewe kwa kasauti kembamba, mimi naomba tu waamue, wamenitoa majini wakasema nikauke, nimekauka wamenirudishia maji, kama ilikuwa ni safari ya kwenda na kurudi wangeniambia mapema nisingewaaga ndugu zangu kwa machozi. Mamdogo watu walicheka! Yule mama wa mkopo alicheka mpaka akashika ubavu, alafu akajifuta macho akasema haya tuinukeni tuone kilichobaki. Tukainuka tukaanza kuchambua.

Basi toka siku ile wenzangu wakawa wananirekodi, nikaanza kuweka klipu kwenye stetasi, namwigiza mteja anayeonja dagaa mpaka anashiba alafu anasema nitapita jioni, naigiza vijana wa kubeba magunia, naigiza kikao cha kikoba siku ya marejesho. Watu wanapenda kwakweli.

Sasa tatizo. Mama mkwe wangu anakaa Sengerema, alikuja kwetu kwa ajili ya macho, ana mtoto wa jicho macho yote mawili na alishapangiwa tarehe ya upasuaji huku mjini. Sio mama mbaya, sina ugomvi naye, ila ni mtu wa kuhesabu vitu. Anajua nyumbani kuna vitunguu vingapi. Siku moja nimekaanga sato, yeye yuko sebuleni, akaniita akaniambia mama fulani haya mafuta jana yalikuwa juu ya hii karatasi ya chupa leo yako chini ya karatasi, hii nyumba ina watu wangapi? Mimi nikacheka moyoni, nikasema hii ni klipu.

Kesho yake sokoni nikaigiza. Nikajifunga kanga kama yeye, nikashika fimbo, nikaanza kutembea napapasa ukuta, naita nani hapo, ni wewe? mbona sikuoni, nakanyaga beseni la mtu, nasalimia gunia nikidhani ni jirani. Alafu ghafla nageuka nanyoosha kidole mbali kulee nasema, hayo mafuta nani kapunguza? Yaani watu waliokuwa wanarekodi mpaka simu zinatetemeka. Nikaweka stetasi, nikajua saa 24 itapotea, kumbe kuna mtu aliidaka akaipeleka TikTok, ikazunguka mpaka ikamfikia wifi yangu, na wifi akaenda kumsikilizisha mama. Maana mama kuona haoni vizuri, wifi akawa anamsimulia, hapa anakuigiza unavyopapasa, hapa anakanyaga beseni. Wifi mwenyewe ndo kaniambia kwamba mama aliisikiliza mara mbili, hakusema kitu, akauliza tu hao wanaocheka ni wangapi.

Asubuhi yake akafunga mizigo akasema anarudi kwake. Tarehe ya macho ilikuwa bado siku tisa. Akasindikizwa na wifi mpaka pantoni la Kamanga wakavuka, mimi hakuniaga.

Toka hapo ni wiki ya nne sasa mume wangu hali chakula changu, anakula kwa mama ntilie. Ameniambia nimemvua nguo mama yake, na kwamba mwanamke anayechekesha watu hadharani hana heshima, na baba yake mdogo alipiga simu akasema mbele ya watu wote kwamba mwanamke wa hivyo hana tofauti na malaya. Mume wangu kasema nichague simu au ndoa. Na huyu huyu ndiye aliyekuwa anapita Mwaloni kila siku kipindi ananichumbia, hanunui hata sado moja, anasimama tu kunisikiliza anacheka.

Alafu katikati ya hii mambo kuna mama mmoja ana sendofu ya binti yake Nyakato mwezi ujao, kaniona kwenye klipu anataka niende nikachangamshe, atanipa 150,000. Sijawahi kupata hela kama hiyo kwa siku moja bila kubeba gunia.

Mamdogo nifanyeje? Niache kuchekesha kabisa niokoe ndoa? Na mama mkwe nimwambieje, maana mimi naona kama amekuza jambo, mafuta tu jamani, na aliyasema kweli sikumsingizia.

Muuza dagaa, Kirumba

Mamdogo anajibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nilicheka pale kwenye gunzi, nikacheka kweli kweli, ya pili nikasimama kwenye sentensi moja na ya tatu sikuweza kuivuka tena ile sentensi. Hao wanaocheka ni wangapi.

Umeniandikia kwamba amekuza jambo la mafuta. Mwanangu, rudi uisome barua yako mwenyewe, mafuta yako mwisho kabisa wa klipu. Kabla ya mafuta kuna fimbo, kuna kupapasa ukuta, kuna kukanyaga beseni, kuna kusalimia gunia. Hayo ndio waliyomsimulia. Mtu ambaye dunia inamfungia ukungu siku hadi siku, anayejitahidi asiwe mzigo kwa mkwe wake, anayeshika ukuta taratibu usiku ili asiamshe watu kwenda chooni, ndo anasikia sokoni wanacheka vile anavyoshika ukuta. Na hawezi hata kuona ni kina nani. Mtu anayeona akichekwa anaweza kuangalia nyuso, akajua huyu ni jirani, huyu simjui, hawa ni watatu tu. Yeye alibaki na sauti ya vicheko gizani, ikabidi aulize idadi. Na ni mama wa kuhesabu, umesema mwenyewe. Hiyo ndo mara ya kwanza ameshindwa kuhesabu.

Kwahiyo hapo umekosea, tena umekosea sana, na sitakupunguzia hilo kwasababu nakupenda. Ukienda kwake ukasema mama nisamehe kwa ile ya mafuta, utakuwa hujaomba msamaha, utakuwa umemwonyesha kwamba hata hujui ulichofanya.

Ila nataka ujue kosa liko wapi hasa, maana mumeo na baba yake mdogo wameliweka mahali ambapo silo. Wao wanasema kosa ni wewe mwanamke kuchekesha. Hapana. Hilo nakataa na nitalikataa popote nitakapoulizwa. Hao vijana wa kubeba magunia pale Mwaloni toka asubuhi mpaka jioni wanatupa maneno, mengine hata mbele ya mtoto huwezi kuyarudia, na watu wanasema ah vijana wale wachangamfu. Mwanaume akichekesha ni mchangamfu, mwanamke akichekesha watu wanaanza kuulizia ndoa yake. Na hilo neno alilolitoa baba mdogo, kumwita mke wa mtoto wake malaya mbele ya watu, hilo nalo ni tusi linalohitaji kuombewa radhi, siku yake itafika, tusilichanganye na la mama.

Sisi huku ziwani hatukuanza leo kuchekeshana. Umeshaenda Bujora pale Kisesa mwezi wa sita kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma? Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande unavuta watu, umati ukielekea wapi ndo mshindi. Na wanaimbana! Kumdharau mpinzani kwa wimbo ni sehemu ya ufundi. Lakini angalia wamekaaje: yule anayeimbwa yuko pale pale, ana ngoma yake, ana mtunzi wake, wewe ukimaliza yeye anaanza. Hakuna anayekwenda kumwimba mtu aliyelala nyumbani anaumwa.

Utani wetu nao ndo hivyo hivyo, una watu wake. Bibi na mjukuu ni watani, shemeji na shemeji watani, kuna makabila na makabila. Mkwe hayumo. Mkwe ni wa heshima, sio kwasababu ni mtu wa kuogopwa, ni kwasababu hana namna ya kukujibu. Akikujibu kwa utani anaonekana mama mkwe asiyejiheshimu, akikasirika anaonekana mkorofi, akinyamaza anaumia peke yake, na kama ulivyoona yeye alichagua kunyamaza. Sasa fikiria hii, ile ile ya mafuta angeisema mwanao kwa bibi yake, amwambie bibi wewe macho yanaumwa kwenye kusoma tu, kwenye mafuta yamepona, bibi angecheka! Angemjibu na wewe mume wangu gani unakaanga usiku bila kunigawia. Maneno yale yale. Kinachobadilika ni nani anamwambia nani, na yule mwingine amepewa nafasi ya kurudisha au hakupewa.

Ndo maana nakwambia dagaa wako wa kwenye mvua ni kazi kubwa kuliko klipu ya mama mkwe, hata kama ile ya pili imezunguka zaidi. Pale ulichukua hasara yenu wote ukaipa mdomo. Yule mama wa mkopo hakuchekwa, alicheka, na alipomaliza kucheka akasema tuinuke. Wanawake wamefanya kazi hii miaka mingi, kwenye kanga, kwenye nyimbo za kutwanga, kwenye jikoni la msiba usiku wa manane ukiwa unamenya ndizi na mtu anatoa neno mnalazimika kuziba midomo. Siti binti Saad kule Zanzibar alianza akiwa muuza vyungu, na alipoanza kupata jina watu wakamtungia maneno ya kumdharau kwa umaskini aliotoka nao na kwa sura yake, yeye akawajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi sahani za santuri. Hakuacha kuimba ili watu wanyamaze. Na hapa jirani zetu tu wa ziwa hili hili, Uganda, Anne Kansiime wa Kabale alijulikana kwa video fupi za mtandaoni kama zako, na yule mwanamke mkorofi anayemwigiza anaitwa Kansiime, amempa jina lake mwenyewe. Anajiweka yeye mbele. Ukijiweka mwenyewe mbele hakuna mtu anayefunga mizigo asubuhi.

Kwahiyo usiache. Ila kwanza kuna kazi.

Hiyo klipu ifute kila mahali ulipoiweka, na yule aliyeipeleka TikTok kama unamjua mtafute umwombe aitoe, kama humjui basi iripoti hapo hapo kwenye TikTok. Waambie na wenzako sokoni waliobaki nayo. Waambie sababu, usiseme mume kanikataza, sema nilimwigiza mgonjwa nikakosea. Hilo neno lisikike Mwaloni kama kicheko kilivyosikika.

Alafu nenda Sengerema. Sio kwa simu mwanangu, na usimtume wifi. Ongea na mumeo kwanza, usiku watoto wamelala, na usianze na yeye alivyokuwa anakuja kusimama mezani kwako enzi za uchumba, ni kweli inauma lakini ukianza nayo ataona unajitetea. Anza na mama. Mwambie nimeelewa nilichofanya, nilicheka macho ya mama yako wakati anahangaika nayo, naomba unipeleke kwake. Nadhani hajawahi kukusikia ukilisema hivyo, amekusikia ukitetea mafuta. Mwanaume aliyekasirika kwa ajili ya mama yake ukimpa nafasi ya kufanya jambo kwa ajili ya mama yake, hasira inapata pa kwenda. Na hayo ya heshima ya mwanamke na ucheshi yaache pembeni kwa siku ile, mtayazungumza mkirudi, na mkiyazungumza usiogope kumwambia kwamba tabia hii aliikuta, aliipenda, na ndiyo iliyomleta mezani kwako.

Mkifika, tafuta shangazi wa mumeo au mama mwingine mtu mzima wa upande wao awepo, asiongee sana, akae tu. Wewe kaa chini. Sema ulichofanya kwa majina yake, nilishika fimbo, nilipapasa ukuta, watu wakacheka, nimekosa. Usieleze kwanini. Usiseme ilikuwa utani. Na nakuomba sana, usijaribu kumchekesha. Najua itakuja, nakujua sasa, kimya kikizidi ulimi wako utatafuta neno la kulainisha, meza. Akiuliza tena wangapi walicheka, mwambie kweli, na mwambie wameshaambiwa kwamba ulikosea. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema rudini nitawaita, rudini.

Beba kitu, mkono mtupu sio vizuri. Sukari, sabuni, dagaa wa kichanja wale wasafi wasio na mchanga, uchague mwenyewe mmoja mmoja. Na ukibeba doti ya kanga, soma jina la kanga kabla hujalipa! Nimeona ndoa ya mtu ikivurugika mara ya pili kwa zawadi ya kuomba msamaha, kanga ilikuwa nzuri rangi imekaa, maandishi yakawa ni mpasho, na aliyepokea akasomewa na jirani. Mama yako naye atasomewa. Tafuta yenye neno la mama, au la kumshukuru Mungu, basi.

Mbebe na mwanao mmoja, yule mwenye maneno. Yeye ni mtani wake halali. Hutahitaji kumfundisha cha kusema.

Na sasa sikiliza hili kwa makini maana ndo linaloninyima usingizi kuliko ndoa yako. Mama aliondoka zimebaki siku tisa afanyiwe upasuaji, na hiyo tarehe imeshapita. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho imeingia ukungu, wanaitoa wanaweka ya bandia, ni upasuaji mfupi na watu wengi wanarudi kuona vizuri. Lakini asipofanyiwa ukungu unaongezeka, miwani haisaidii na dawa ya matone haiondoi. Duniani kote hiki ndicho chanzo kikubwa cha upofu, na ni upofu unaoondoleka, fikiria uchungu wa hilo. Kwahiyo kabla ya kusafiri nendeni pale alipokuwa anatibiwa na kadi yake, ulizeni tarehe nyingine, mwende Sengerema mkiwa nayo mkononi. Akikataa kulala kwako mtafutie pa kulala kwa ndugu mwingine, usilazimishe aje kwako ili ionekane amekusamehe. Macho kwanza.

Nimalizie la sendofu ya Nyakato. Ile 150,000 ni kazi, na kazi unaiweza. Lakini usiikubali kwa siri, na usiende kabla hujavuka kwenda kwa mama, kama tarehe zitagongana mwambie mwenye sherehe ukweli kwamba una jambo la familia, atafute mtu mwingine au asubiri. Ukikubali, chukua nusu kabla, kabisa, kwasababu wanawake wengi wanaochekesha wanaitwa kwenye sherehe kwa njoo tu utuchangamshe, wanaongea masaa manne sauti inakauka wanarudi na sahani ya pilau iliyofunikwa kwenye foili. MC mwanaume hafanyiwi hivyo, yeye analipwa kabla hajashika kipaza sauti. Muulize yule mama nani kwenye familia yao hapendi kutaniwa, kuna mjane, kuna mtu anaumwa, kuna mtu aliachwa mwaka huu, waandike kwenye karatasi na usiwaguse. Mwambie na mumeo aje akae nyuma kabisa kama alivyokuwa anasimama zamani. Akikataa mara ya kwanza usigombane.

Na nunua daftari. Ile ya dagaa uiandike yote kabla hujaisahau, na ya mteja anayeonja, na kikao cha kikoba, hiyo ya kikoba natamani niione, weka yule mweka hazina anayehesabu hela huku amefumba midomo na wote mnashika pumzi.

Mbalamwezi inakuja, wavuvi wa dagaa watapumzika, mzigo utapungua Mwaloni na injini nyingi zitakuwa zimelala kwahiyo na mumeo atakuwa na nafasi. Nendeni siku hizo. Ukirudi niandikie tarehe ya macho ni lini.

Mamdogo